Nilimmulika mtu kwenye mikorosho nikijihami, nikaitwa mwizi wa korosho

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Ndipo ilipoanzia.

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri, najua humu ni karibu wote. Mimi ni msomaji wa kimya tu. Niko kidato cha tatu, huku pembeni ya mji wa Mtwara, upande wa Naliendele. Mambo yangu huwa naandika kwenye daftari na kulifungia. Hili limenishinda kulifungia. Sijaongeza chumvi, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Shuleni kwetu tuna masomo ya asubuhi kabla ya namba za kuwahi mstarini. Njia fupi inapita katikati ya mikorosho, ndiyo tunayopita wengi wa upande huu.

Sasa kuna kaka mmoja wa bodaboda alianza kusimama kwenye hiyo njia. Mwanzoni ilikuwa "mambo mrembo". Baadaye ikawa "mbona unaringa, panda nikupeleke bure".

Siku moja akamshika mkono rafiki yangu, nimwite Zuhura. Hakumwachia mpaka alipolia.

Kuanzia hapo Zuhura akaacha kuja masomo ya asubuhi. Walimu wakasema mvivu. Mimi nilikuwa najua, na nilinyamaza.

Kusema kwangu ni kazi jamani. Hata nikiitwa jina darasani, sauti inagoma kutoka.

Mjomba wangu ni mlinzi wa ghala. Nilimwambia naogopa giza, sikumwambia kuna nini gizani. Akanipa tochi ndogo ya kuchaji, inaenea kiganjani, lakini mwanga wake ni balaa. Ukibonyeza mara mbili inapepesa haraka haraka.

Akanifundisha uani: "Ishike mkononi, usiitie kwenye begi. Mtu akikujia, mmulike machoni, hama hapo ulipo, kimbia. Usibaki kuangalia umemmulika nani."

Akanijaribishia mwenyewe. Ile kitu ikikupiga machoni gizani huoni hata mkono wako, unabaki na madoa ya kijani tu.

Basi hiyo Jumanne nikiwa katikati ya njia, nikasikia majani makavu yanakanyagwa. Mtu akatokea kwenye miti. Hakushika njia, alikuwa ananijia mimi.

Nikabonyeza mara mbili.

Akapiga yowe, akajifunika uso, akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

Hapo nilitakiwa niwe nimeshakimbia. Mimi nikasimama kama nguzo nikisema "samahani mama", kwa sauti ambayo nadhani niliisikia mwenyewe tu.

Alikuwa Mama Filomena, mwenye shamba lile. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na sasa anaishi peke yake nyumba ya mwisho kabla ya mikorosho. Huu ni msimu. Korosho zinadondoka usiku, na watu wanamwahi kuziokota, wanaenda kuziuza kwa bakuli, kimya kimya. Amekuwa akilinda.

Na huku kwetu, tochi ikiwaka alfajiri kwenye mikorosho isiyo yako, ina maana moja tu. Mimi nilikuwa namuwaza yule kaka. Korosho hazikunijia kichwani kabisa.

Akanikamata sketi akiwa bado chini, machozi yanamtoka kwa ule mwanga.

"Leo nimekupata. Ntoto wa nani wewe?"

"Naenda shule."

"Shule imehamia kwenye mikorosho yangu? Lete mikono."

Nikampa, na ndiyo ikawa mbaya zaidi. Bibi yangu anabangua korosho za kuuza na mimi namsaidia. Yale mafuta ya ganda yanababua vidole, vinakuwa vyeusi, hata usugue kwa jivu. Mama Filomena akachukua tochi yangu, akavimulika.

"Na huu ni wino?"

Watu walishafika kwa lile yowe, wanaume kama watatu na mama mmoja mwenye ndoo. Nilikuwa namuwaza bibi. Nikiitwa mwizi, nani atanunua tena korosho zake? Wataambiana tu ni za wizi.

Na kujieleza ningeweza, maneno machache tu: tochi ni ya kujihami. Ila wangeuliza, kujihami na nani?

Mara pikipiki ikasimama. Ni yeye.

"Hawa ndo wenyewe mama. Mimi nawaona kila siku wanapita hapa, giza giza hivi."

Mama Filomena akafuta macho kwa kanga, akamgeukia. "Unawaona kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe kila siku huku unasubiri abiria gani? Popo?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, lakini mkono ulishaenda kwenye ufunguo.

Nikasema, "Ananisubiri mimi."

"Sema tena," Mama Filomena akaniambia.

"Ananisubiri mimi. Na alimshika Zuhura kwa nguvu. Hiyo tochi niliibeba kwa ajili yake."

"Anajitetea huyo, mwizi mkubwa," akasema kaka.

Mama Filomena hakumjibu. Akatandika kanga, akamwaga begi langu lote. Madaftari, kalamu, kipande cha muhogo. Korosho hakuna. Kisha akawauliza wale wanaume, taratibu, kama wameishika namba ya pikipiki. Mmoja akasema ameishika. Kaka akaondoka kasi.

Mama Filomena akanisindikiza mpaka geti la shule akinigombeza njia nzima. "Ungenipofua wewe." Tunaenda kidogo, "Ungenipofua." Halafu akauliza, "Ulikuwa unanyamaza kwa faida ya nani?"

Akanirudishia tochi.

Wakuu, tochi beba. Inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu na ya Mama Filomena. Ila inakupa sekunde chache za kukimbia, basi. Kama unapita shamba la mtu msimu huu, mjulishe mwenyewe mapema. Na kama kuna mtu unamwogopa, mtaje kabla hujalazimishwa kumtaja.

Wasichana wenzangu mnaopita njia za giza, nyie mnafanyaje? Na wazazi, binti asiyeweza kusema mngependa aanzie wapi? Niandikieni, nasoma yote.

Lakini kabla hamjaniuliza niliishia wapi: asubuhi iliyofuata nilienda kwanza kwa kina Zuhura. Mama yake alikuwa anafagia. Nilimweleza yote akiwa ameshika ufagio, na Zuhura akiwa amesimama nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Mama akasema, "Subiri hapo." Zuhura akatoka amevaa sare, mama yake amejifunga kitenge. Tukampitia bibi yangu, tukaenda wote kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti akauliza nani anaanza.

Nikaanza mimi.