Wiki ya Mahindi

Harufu ya mahindi ya kuchoma imepanda tena hadi ofisini kwangu, ikanirudisha darasani kwetu Kawangware.

Mwalimu mpya alikuwa amefuta ratiba yote ubaoni. Wiki hiyo, alisema, hesabu, sayansi na jiografia tungezisoma kwa mahindi, na kila mmoja alete hindi lake. Langu nililitoa kwenye karai la mama, aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara.

Mama alilifuata hadi darasani, mikono bado myeusi kwa makaa.

"Huyu nimemtoa kwa shamba ndio asome, na wewe unamrudisha kwa mahindi?"

"Mama, ni masomo yote pamoja. Akijua hindi limetoka wapi..."

"Limetoka kwa karai yangu! Mtihani itauliza mahindi?"

Mwalimu alilisogeza hindi langu hadi ukingoni mwa meza. Nilimchukia kwa kukubali upesi vile.

Mama alilichukua hindi lake mezani, akalipangusa vumbi la chaki, akaenda kulichoma. Kesho yake ubao ulijaa maswali ya kugawanya, na hatukusoma kingine chochote mpaka mtihani.

Nilipita vizuri sana. Nainuka, nafunga dirisha la ofisi.