Mbao Sita za Kitanda cha Mama

Mbao zilikuja ndani ya begi, zimebanwa kati ya dagaa na unga wa muhogo. Method alipozipanga mezani, kwenye gereji aliyoigeuza karakana kule Bladensburg, ughaibuni, alizitazama kidogo, kisha akalipuka.

“Nani kazikata hizi?”

“Shemeji yangu, Bukoba,” akajibu Silvanus, aliyezileta. “Aliyezibeba alikuwa na nafasi ndogo. Ikabidi ziingie begini.”

“Urefu wa kiatu! Jamani! Hata mmoja wenu hakufikiria kumuuliza fundi?”

Hakuna aliyefikiria, na hilo ndilo lililomchosha Method miaka kumi na minne tangu aje huku. Mchana anarekebisha mabomba na milango kwenye maghorofa ya kupangisha kule Adelphi. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, anaikuta foleni ya Waswahili wenzake mlangoni. “Fundi, nipitishie tu mara moja,” wanamwambia, kana kwamba mashine ya kuranda ni ya kusaga mahindi. Mmoja alimletea mbao yenye misumari ndani, visu vya mashine vikameguka vyote, na mwenyewe akauliza kwa nini imechukua muda mrefu.

Lakini hizi mbao sita hazikuwa za kurushwa pembeni. Zilikuwa za mninga, zimetoka kwenye kitanda cha mama yake Euphrasia, mke wa Silvanus. Mama alipofariki, Euphrasia alishindwa kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi yake ya uhamiaji. Aliomba kitu kimoja tu: kimeza cha kuwekea picha ya mama siku ya arobaini, Jumamosi ijayo. Mbao nyingine za kitanda zilikuwa zimeshagawanywa. Zilibaki hizo sita, na kimeza kilihitaji sita.

“Basi pitisha,” Silvanus akasema.

“Pitisha nini? Rola ya mbele, hiki chuma kinachozunguka, inaisukuma mbao, ya nyuma inaivuta. Hivi vifupi vitaachiwa katikati na rola zote mbili, visu vivibamize, vipande virudi kwa kasi vikutoboe tumbo. Unataka Euphrasia afanye arobaini mbili?”

Silvanus akajishika tumbo.

Method akapekua kila kipande kwa sumaku, akang'oa misumari miwili. Akachora mshale wa chaki kuonyesha nyuzi za mbao zinalalia wapi, maana zikiingia kinyume visu huzinyofoa. Kisha akabandika kila kipande kwa gundi katikati ya vipande viwili virefu vya msonobari, kimoja kila ubavu, ili mashine ione mbao ndefu. Akavaa miwani na vizibo vya masikio, akavua saa, akawasha mashine na kuuzungusha kidogo mpini wa kushusha visu.

“Mbona unaipunguza kidogo kidogo hivyo?” Silvanus akapiga kelele juu ya mngurumo. “Si uuzungushe sana huo mpini tumalize?”

“Robo mzunguko!” Method akajibu kwa kelele zaidi. “Robo, basi! Na utoke huko nyuma ya mbao!”

Silvanus akahamia upande wa pili, akainama kuchungulia ndani. Method akaizima mashine, akamtoa kwa kumshika mkono, akaiwasha tena. Lo! Mtu mzima, baba wa watoto watatu, mhasibu wa ubalozi!

Hata hivyo kazi ikaenda. Vipande vitano vikatoka vyekundu, laini, hadi Silvanus mwenyewe akapitisha kiganja akaguna. Cha sita hakikuwepo kwenye foleni. Silvanus alikuwa amekinyanyua kuona kama gundi imekauka, na kikabanduka.

Hapo Method akachoka kabisa. Alikibandika upya huku akimsema Silvanus, ukoo wa Silvanus, na mtu wa begi. Alikuwa bado anasema alipokipeleka mashineni. Vile vitano vilishakuwa vyembamba, hiki kilikuwa nyuma, naye alitaka kukifikisha upesi. Akauzungusha mpini mzunguko mzima. Mshale wa chaki hakuutazama. Akakiingiza kinyume.

Mashine ikalia mlio mbaya. Kipande kilipotoka upande wa pili, kilikuwa kimenyofolewa katikati shimo la kuingia vidole viwili, na unene wa kukirekebisha haukuwepo tena.

Wote wawili walikuwa bado wamekiangalia Euphrasia alipoingia, katoka kazini, kumuogesha bibi mmoja mgonjwa kule Riverdale Park, bado amevaa nguo za kazi. Alikiona moja kwa moja.

“Ni mimi,” Silvanus akawahi kusema. “Mke wangu, nisamehe, nilimharakisha fundi mno.”

“Wewe nyamaza!” Method akafoka. Kisha sauti ikamshuka. “Shemeji, hakugusa mashine. Ni mimi. Nilikuwa na hasira, nikakiingiza kinyume. Nilijua lazima nitazame mshale, na sikuutazama.”

Euphrasia akakichukua, akaondoa vumbi kwenye shimo kwa kidole gumba. Alipoinua uso alimwona fundi amesimama bila miwani, macho mekundu.

“Pole, fundi,” akasema, kwa upole uleule anaoutumia kwa wagonjwa wake.

Method akageukia ukutani. Bora angemtukana.