Sanduku la Mama Mkwe

Miaka ile ya Zaire, mama mkwe wangu alitoka kwao Kamina kuja kuona binti yake anaishije Dilala, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi niliyopewa kwa ukarani wangu. Kwa desturi yao hakusema nami uso kwa uso; maneno yote yalipitia kwa mke wangu. La kwanza: nyumba yetu ni kavu kama ofisi, haina hata ua moja. La pili: mke wangu, aliyekuwa na mimba, ataenda kujifungulia Kamina. Hilo lilinichoma. Nilitaka mtoto wangu azaliwe nikiwapo.

Nikaamua kumshinda kwa maua. Siku ya tatu malaria ilimlaza mama mkwe. Nikatoka kazini, sikuvua hata koti langu la abakosti, nikachukua mbao za kasha la mashine nikaanza kuunda sanduku la maua la kuweka dirishani. Dirisha lilikuwa na upana wa mita mbili, nami sipendi kazi ya nusunusu. Jirani akapita, akauliza kwa sauti ya chini sanduku ni la nani. Nikamwambia ni la mama mkwe. Akauliza matundu ya chini ni ya nini. Nikajibu, misumari mdomoni, kwamba ni ya kutolea maji. Akajishika kichwa, akaondoka mbio.

Nilisahau kwamba kwetu jeneza nalo tunaliita sanduku.

Kabla sijamaliza kulipaka mafuta machafu ya injini, dawa ya mchwa, wanawake wa barabara nzima waliingia uani na mikeka yao, wakilia. Mama mkwe akasikia. Mtu mwenye adabu hawezi kulala wenzake wakilia: akajifunga kitambaa, akatoka akitetemeka kwa homa, akaketi mkekani, akalia kuwashinda wote. Alipochoka akamgeukia mwanamke aliyeketi kando yake.

"Mama, tunalilia nani?"

Yule mwanamke alikuwa amekwisha kumtambua.

"Weye, mama."

Nilitamani nijifiche humo sandukuni. Nilijua Kamina imenishinda. Mama mkwe akainuka, akalipima sanduku kwa shubiri, akachungulia matundu, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanigeukia mimi.

"Batu ba hapa banajua kulilia mugeni. Mutoto azaliwe hapa, na mi nitabakia naye." Akalipiga sanduku teke dogo. "Lakini hii kitu, baba, uikate katikati."

Nikaenda kutafuta msumeno.