Mikono ya Binti Yangu Siku ya Kipaimara

Binti yangu wa pili hutikisa vidole karibu na macho, kama mtu anayekung'uta maji, huku mwili ukiyumba kushoto na kulia. Alianza kabla hajajua kusema, na sasa ni msichana mkubwa. Anaweza kuendelea hivyo tangu sufuria ya chai inapowekwa mekoni hadi inapochemka.

Hapa kwetu Mbozi, nyumba yenye kahawa haina mkono wa kukaa bure. Kwa hiyo mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa na maelezo yake.

"Hiyo mikono inatafuta kazi," alisema. "Ipe kazi, itatulia."

Sikuwa na maelezo mengine, nikakubali. Msimu wa kuanika ulipofika tukampeleka kwenye vichanja akageuze kahawa. Aligeuza vizuri, taratibu, akipenda namna punje zinavyopita kati ya vidole. Lakini jua likiwa kali kahawa hufunikwa, maganda yasije yakapasuka. Bibi yake alipotandaza turubai, mtoto akasimama kando ya kichanja, na vidole vikaanza upya.

"Kazi ameifanya," mama mkwe akaniambia. "Mbona mikono haijashiba?"

Tungeishia kucheka tu, kama si kipaimara. Mwaka jana binti alikuwa kwenye mafundisho pamoja na wenzake, ameyakariri yote, na gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Siku ilipokaribia, mwinjilisti anayewafundisha alitufuata nyumbani. Hakuja kwa ubaya.

"Mama, binti anajua kila kitu," alisema. "Shida ni ile mikono. Jumapili niliwaambia wote waikalie mikono yao, ili asijione yuko peke yake. Akajing'ata mkono mpaka wenzake wakalia. Sasa mchungaji akija kuwabariki itakuwaje? Labda angoje mwakani."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Mwakani wenzangu hawatakuwepo," alisema, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Kesho yake nilipanda gari hadi Vwawa, kwa muuguzi aliyewahi kutueleza kwamba hali ya mtoto wetu inaitwa usonji. Hakunipa dawa. Aliniuliza swali: "Mikono ikianza, ni nini huwa kimetokea muda mfupi kabla?"

Miaka yote nilikuwa nikiitazama mikono, si kilichoitangulia.

Nikarudi nyumbani nikaanza kutazama. Spika ya kanisani ikikoroma, vidole. Wageni wakiingia wengi kwa pamoja, vidole. Lakini pia mvua ikianza kupiga bati, vidole, na uso wote unang'aa. Kumbe kelele na watu vikimjaa, kule kuyumba kunampa kitu kimoja cha kushika, kinachokuja vilevile kila mara. Na furaha ikimzidi, hutokea kwa njia hiyohiyo. Mikono haikuwa inatafuta kazi. Ilikuwa kazini tayari, ila kazi yenyewe ilikuwa ndani yake, sisi hatuioni.

Kama una mtoto wa namna hii, usiogope, na usikimbilie kumshika mikono. Akijiumiza, hilo lishughulikie mapema na uombe msaada. Kutikisika peke yake hakumdhuru mtu. Hata sisi tunafanya, ila tumejizoea. Ndivyo nilivyomwambia mwinjilisti nilipokwenda kwake.

"Mkeo akishamshusha mtoto mgongoni, kisha akasimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hufanya nini?"

"Anayumba." Kisha akacheka. "Juzi nimempakata mtoto mimi, yeye amesimama pale anabembeleza hewa."

"Umewahi kumwambia aache?"

"Nani, mimi? Na jioni nitakula wapi?"

Tukakubaliana. Binti na wenzake wakae benchi lililo mbali na spika, mikono ya binti iwe huru, na mchungaji aelezwe mapema. Akianza kuelemewa nitoke naye nje kidogo, kabla hajafika kwenye kujing'ata. Mama mkwe hakuridhika sana. "Mbele ya kanisa zima?" aliuliza, na asubuhi ya siku yenyewe akauliza tena huku akimfunga mjukuu wake mkanda wa gauni.

Zamu yake ilipofika, binti alipiga magoti na mwili ukaanza kuyumba. Mchungaji akamwekea mkono kichwani. Kichwa kikaenda kushoto, mkono ukakifuata. Kikaenda kulia, mkono nao ukaenda. Akatamka baraka yote namna hiyo, bila haraka, kana kwamba ndivyo inavyotamkwa siku zote.

Mama mkwe akaniinamia sikioni. "Mchungaji naye ameanza," akanong'ona.

Niliuma upindo wa kitenge nisicheke kanisani.

Binti akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, akasimama, akarudi kwenye benchi la wenzake. Walikuwa wameshasogea, wakamwachia nafasi pande zote mbili. Akakaa katikati yao, na humo akayumba hadi wimbo wa mwisho.