Milimau Saba ya Babu

Mama mkubwa Marcelina alikuwa hanawi uso ndani. Kila asubuhi anatoka na bakuli la bati, anainama kwenye shina la mchungwa mmoja, ananawa, maji yanaangukia mizizi. Michungwa ilikuwa saba na kila mmoja una siku yake. Ukimkuta kwenye ule wa karibu na zizi, ujue leo Jumatatu. Ule wa pembeni ya choo ulikuwa wa Jumapili, na huo ananawa harakaharaka sababu ya misa. Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani Murangi, kwa hiyo maji yake hayakuwa na kitu cha kudhuru mti.

Alikuwa mke wa Magesa, kaka mkubwa wa baba yangu. Nyumba yao na yetu zilitazamana, uwanja mmoja. Mimi shule niliachia darasa la tatu, nikawa wa kushinda nyumbani, ndiyo maana mengi yake niliyaona.

Kwetu mwanamke anapanda mihogo, viazi, mtama. Mti unaokaa miaka anapanda mwanamume, kwa sababu aliyepanda mti anaweza kusimama akasema hapa ni pangu. Mama mkubwa alilijua hilo. Lakini kaka yake, Apolinary, alikuwa kibarua kwenye bustani ya misheni huko Butiama, na alimfundisha kubebesha, kuunganisha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Nyuma ya zizi kulikuwa na milimau saba aliyoipanda babu iwe uzio. Mwaka wa themanini mama mkubwa akaikata yote usawa wa goti. Ilipochipua akaenda Butiama, akarudi na vijiti vya mchungwa amevifunga kwenye ganda bichi la mgomba. Akachana gome la kila chipukizi kwa wembe wa kunyolea wa mumewe, akachomeka jicho la mchungwa, akafunga kwa mpira wa baiskeli.

Baba yangu, Alfonce, akavuka uwanja.

"Shemeji, tangu lini mwanamke anapanda miti hapa?"

"Nani amepanda? Milimau ya baba yenu hiyo, iko palepale. Mimi nimebebesha tu."

Baba mkubwa Magesa alicheka mpaka akakohoa. Baba akarudi kwetu akisema mwanamke huyo anafungaga miti bandeji kama hospitali.

Ilishika yote. Pale ilipoungana palibaki kovu nene, kama kidonda kilichopona vibaya. Chini ya kovu mlimau, juu yake mchungwa. Mwaka wa themanini na tatu ikazaa.

Mwaka huohuo akaja bwana shamba, Florian, na daftari.

"Mama, kila kaya ekari mbili za pamba. Hapa mmejaza vichaka. Ving'oeni."

"Pamba ya mwaka jana bado hamjatulipa. Watoto wa ukoo huu nitawapikia pamba?"

"Ni amri, mama."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Jina. Marcelina wa Magesa amekataa. Andika vizuri, msije mkamkamata mwingine."

Akaandika kweli. Mama mkubwa akapelekwa ofisini akafyeka majani siku mbili, Jumanne na Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimwona na bakuli, anapita miti mitatu. Aliilipa ile miwili maji yake, kisha akaunawia ule wa Alhamisi. Na hakung'oa hata mmoja.

Baba mkubwa alifariki mwaka wa themanini na tano. Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika. Madukani sabuni ilirudi, sukari ikarudi, na mtu akawa anaweza kusafirisha mzigo wake bila kuulizwa kibali. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda, Mseti, akaja na pikapu na magunia matupu, akaonja chungwa la mama mkubwa, akaonja la pili. Akabeba yote ya msimu. Siku hiyo ndipo baba alipoanza kusema "michungwa yetu".

Mwaka wa msiba ulipoisha wazee wakakaa uwanjani kwetu. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Wanzagi, aliendesha kikao. Baba akasema mama mkubwa achague: arithiwe na yeye, au aondoke na nguo zake.

"Nitaondoka," mama mkubwa akasema. "Kurithiwa na wewe, shemeji, hata wembe wako siutaki."

Wanawake tuliokaa upande wa jiko tuliangalia chini tusicheke.

"Na miti yangu saba?" akauliza.

Baba alikuwa ameshajiandaa. "Miti gani? Si ulisema kwa mdomo wako hukupanda? Hapa kuna milimau ya baba yangu."

"Marcelina, ulisema hivyo?" Mzee Wanzagi akauliza.

"Nilisema."

"Basi milimau ya baba yake inabaki kwa Alfonce. Ulichobebesha ni chako, lakini utakitoaje?"

"Hilo niachie. Andika tu, mzee: milimau ni ya Alfonce, nilichobebesha ni changu. Halafu soma."

Akaandika, akasoma mara mbili. Baba alikuwa anatabasamu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kabla jua halijachomoza nilisikia msumeno. Mama mkubwa alikuwa ameuazima kwa fundi mitumbwi, na alikuwa kwenye mti wa sita. Alikata chini kidogo ya kovu, hakuharakisha. Machungwa yalishachumwa, majani yakalala uwanja mzima, harufu ikaingia mpaka kwetu ndani.

Wa saba ulipoanguka baba akatoka na shuka. "Umeua miti yangu!"

"Yako hii hapa, hesabu. Visiki saba, mizizi yote. Mlimau haufi hivyo, shemeji, mvua ikinyesha unachipua. Chai yako haitakosa limau."

Baba akamwita balozi. Mzee Wanzagi akaja na daftari, akainama kwenye kisiki kimoja, akakwaruza gome kwa kucha. Kijani.

"Mlimau huu," akasema. "Na uko hai."

"Mzee!"

"Alfonce, maneno ni yako. Nikusomee tena?"

Mama mkubwa hakungoja asomewe. Aliketi akachagua vijiti vyenye macho mazuri, akavifunga kwenye ganda la mgomba kama vile vya kwanza, akarudisha msumeno kwa mwenyewe. Kaka yake Apolinary alishahamia Kabasa, Bunda, alikuwa na kiwanja, na upande wenye milimau alishampa dada yake. Akajitwisha mzigo wa vijiti, nguo kwapani, bakuli la bati mkononi.

"Utarudi tu!" baba akapiga kelele. "Utarudi kupiga magoti hapa!"

Mama mkubwa akasimama kidogo bila kugeuka.

"Leo hata uso sijanawa," akasema. "Nitanawia kwangu."

Akapita zizi, akashika njia ya Bunda. Hakurudi.