Ng'ombe wa Njia Panda ya Wasso

Hyasinta wa kijiji chetu cha Daa huiona sanamu kabla hajaigusa saruji. Asubuhi ukungu ukishuka mashambani, husimama na jembe mkononi, mawazo yako mbali, na sisi majirani tunapita bila hata kusalimiwa. Tumeshamzoea. Miaka ishirini amewajengea wenye loji za Karatu twiga na tembo, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza jina la fundi.

Ndiyo maana alilia waziwazi kamati moja ya tuzo ilipomwita Wasso ajenge ng'ombe wa njia panda. Sharti lilikuwa moja tu: wafugaji wa Kimasai wa huko wamkubali ng'ombe huyo, ndipo tuzo itoke.

Alimjenga kwa nondo, waya na saruji, akimfuata ng'ombe aliyempiga picha mnadani Karatu mwaka wa ukame: nundu iliyolala upande, sikio la kushoto lenye mkato. Mkulima wa mahindi angejuaje kwamba mkato ule husomwa? Alidhani ni kovu, akalipenda.

Bibi mmoja, Naeku, akaanza kuja kila asubuhi. Siku ya tatu alimweleza Hyasinta kwamba ng'ombe yule wa mnadani alikuwa wake, alimuuza akiwa mifupa mitupu. Aliomba tu awe anakuja kumsalimia. Basi akawa anaegemeza paji la uso kwenye saruji ile baridi, akinong'ona Kimasai, na Hyasinta kando yake kama mtu aliye usingizini. Siku zile, alituambia baadaye, hazikuwa na saa.

Kisha wakaja wazee. Mzee Sankale alieleza kwa upole kwamba mkato ule ni wa ukoo mmoja, na ng'ombe wa njia panda ni wa wote. Mkato uzibwe kabla ya Ijumaa, siku ya tuzo, la sivyo hawatamkubali.

Hyasinta alikaa na mwiko mkononi hadi mchana. Naeku hakuwepo siku hiyo. Ningekuwa mimi, ningetuma mtu akamwite. Yeye alikoroga saruji kidogo, akaziba, akalainisha kwa kidole. Kazi ikaisha hata chai yake ya mchana haijapoa.

Ijumaa jina lake lilitajwa mara mbili kwenye kipaza sauti. Alistahili, simsemi vibaya, na alifurahi mno. Watu walipotawanyika, Naeku alisogea, akalipapasa sikio lile mbele na nyuma, kisha akarudi hatua moja.

"Mwanangu, huyu ni mzuri," alisema. "Wangu umempeleka wapi?"