Mto Haukumgusa Mume Wangu

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kimoja cha kupanga kilikuwa kiwanda, jiko na mahali pa kulala. Alikuwa na mdomo. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, humjibu taratibu, "Gauni halijapungua, dada."

Watu wa filamu walipokuja kuwatafuta waliovuka mpaka, aliwakaribisha. Mwongozaji wao, ambaye wapangaji walishambandika jina la Bwana Kamera, alimwomba asimulie yote bila kuficha. Akasimulia. Walivuka mto maji yakiwafika kifuani, mumewe kawabeba pacha wachanga mabegani, wakatokea ng'ambo salama. Huko ng'ambo ndiko askari wa mpakani walikomshika mumewe na kumpiga kwa vitako vya bunduki mpaka roho ikamtoka. Watoto walikuwa hawajaambiwa. Kila akitaka kuwaeleza, aliahirisha. Akaona heri filamu imsaidie.

Siku ya maonyesho akaenda nao, wakaketi mbele kabisa. Uso wake ukatokea, kisha mto, kisha sauti nzito ya msimulizi: "Mumewe alichukuliwa na maji." Muziki wa huzuni ukafuata. Watu wakajifuta machozi.

Mama Pacha akasimama, kivuli chake kikaufunika mto.

"Washeni taa," alisema.

Bwana Kamera alimjia mbio, akamnong'oneza, "Mama, tafadhali. Tungewataja askari tusingepata kibali. La muhimu ni kwamba watu wameguswa."

"Wameguswa na uongo. Mto haukumgusa mume wangu. Alifika nchi kavu mzima, anacheka. Waliomuua wana mikono na wanalipwa mshahara, nawe umewasafisha kwa machozi yangu."

"Basi tutoke tukaongee nje."

"Na wewe niliongea siku nzima, hukunisikia. Leo naongea na hawa."

Akawageukia watu, akaanza upya. Kipaza sauti walimnyima, hakukihitaji. Wachache waliondoka wakinung'unika. Waliobaki walimsikiliza mpaka mwisho, na pacha wakamsikiliza pia, wameshikana mikono.

Njiani kurudi nyumbani, mmoja aliuliza, "Mama, hao askari bado wapo?"

"Wapo, baba."

"Kwa nini hawajafungwa?"

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nauliza."

Filamu haikurekebishwa. Walichofanya ni kukata kipande chake chote, kana kwamba hakuwahi kuvuka, wakaendelea kuizungusha mji hadi mji. Watu humwambia Mama Pacha kwamba amejiharibia, angekuwa anajulikana kila mahali. Yeye huwajibu kwamba wanaostahili kujulikana ni wale waliompiga mumewe, nao hadi leo wanalinda mpaka uleule.